Mlinzi Asiye na Rungu

Ripoti ilikuwa imeshapigwa chapa. Ilichokosa ni sahihi ya Nusaiba Mbwana tu, na Kamugisha alikuwa ameshaifungua kalamu yake ya bei mbaya na kuilaza juu ya karatasi.

"Weka sahihi hapo chini, dada, tuendelee na mambo mengine," alisema. Kamugisha ndiye aliyekuwa mmiliki wa gazeti la Mkesha, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na watu huku akitazama dirishani, kana kwamba Kinondoni nzima nayo ni mali yake.

Nusaiba akaisoma. Ilisema kwamba yeye, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, amechunguza mitambo ya gazeti na kuthibitisha pasipo shaka yoyote kwamba habari ya dawa mbovu ilivujishwa na mpiga chapa Jesca Milanzi.

"Nani kaiandika hii?"

"Mwanasheria wangu."

"Kazichunguza lini kompyuta, huyo mwanasheria?"

Kamugisha akageuka kutoka dirishani. Hakuzoea kuulizwa maswali na watu anaowalipa, sembuse mwanamke aliyekuja na begi la bisibisi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kasiani, mtunza ghala wa kampuni moja ya kuingiza dawa nchini, alikuja Mkesha kwa siri akaeleza jinsi anavyoamrishwa kubandua tarehe kwenye maboksi ya dawa za watoto zilizokwisha muda na kubandika tarehe mpya. Habari ikaandikwa, ikahifadhiwa kwenye kompyuta chini ya jina la Jesca, ikisubiri toleo la wiki. Kabla haijafika mtamboni, wakubwa wa Kasiani wakawa nayo mkononi, neno kwa neno, na jina lake ndani. Kasiani akasingiziwa wizi. Sasa alikuwa mahabusu Ukonga, na asubuhi ile mkewe alikuwa amekuja na ujumbe wake mfupi: jina limeshatoka, basi na habari itoke.

Kompyuta kuu ilikuwa na kumbukumbu ya yote. Jumamosi mchana mtu alikaa kwenye mashine ya chumba cha kupangia kurasa, akaandika jina la Jesca na neno lake la siri, akainakili habari kwenye disketi, akaondoka.

"Neno la siri ni la Jesca. Jesca kaingia. Kuna la ziada?" alisema Kamugisha.

"Jesca Jumamosi alikuwa Kigamboni kwenye kipaimara."

"Mashahidi ni shemeji zake. Sikiliza, Bi. Nusaiba. Polisi nimeshawaita, mchana huu wanakuja kumchukua. Bila sahihi yako hawana kitu, kwa hiyo usinitie aibu. Na ile kazi ya kufunga mitambo kwenye ofisi zangu za Arusha na Mwanza, mkataba huu hapa. Utaacha kukaa kwenye kile kibanda chako Temeke."

Alijua pa kugusa. Kile kibanda Nusaiba alikipanga mwenyewe, akatundika kibao cha "Ulinzi wa Kompyuta", na mtaa mzima ukampa jina la mlinzi asiye na rungu. Wapo walioingia kuuliza kama anakodisha na mbwa. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke pekee kwenye chumba cha kompyuta cha benki moja mjini, mpaka siku mkubwa wake alipomtaka afute kumbukumbu za alikoingia mkubwa huyo usiku akijifanya mtu mwingine. Nusaiba alikataa. Wakamhamishia stoo akahesabu bahasha, naye akaziacha bahasha zao palepale akaenda zake.

Akaifunga kalamu ya Kamugisha na kumrudishia.

"Mie sitii sahihi kitu nisichokiona. Nipe nafasi mpaka hao polisi wafike."

"Ukikuta ni Jesca?"

"Nikikuta ni Jesca nitaandika ni Jesca. Na nikikuta ni wewe, nitaandika ni wewe."

* * *

Jesca alikuwa amejifungia kwenye chumba cha kusafishia picha, palipo na harufu kali ya dawa na taa nyekundu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Masasi, mwenye vidole vilivyoandika haraka kuliko watu walivyosema. Leo vidole hivyo vilikuwa vikilipotoapotoa pindo la kitenge.

"Kabla hujasema lolote," Nusaiba alisema akivuta stuli, "neno lako la siri usinitajie. Silitaki."

Jesca akainua uso. "Bosi kaniuliza mbele ya watu. Nilipokataa akasema basi huo ndo ushahidi wenyewe."

"Ulifanya sawasawa kukataa. Neno la siri halisemwi kwa bosi, halisemwi kwa mume, wala kwangu mie niliyezifunga hizi mashine. Nijibu moja tu. Umewahi kumwambia mtu?"

"Haki ya Mungu, hapana."

"Umewahi kuliandika mahali?"

"La kuliandika la nini, dada? Silisahau mie."

Jesca akafuta macho kwa kiganja.

"Humu wote wameweka majina ya watoto wao. Ulitukataza ulipokuja kufunga mitambo, tukakucheka. Na mie nimeweka la mwanangu. Lakini si Albano." Akameza mate. "Nilikuwa na binti kabla yake, Anastasia. Hakufika hata kutambaa. Kule Tandika walikuwa wakiniita Mama Anastasia, na alipofariki wakaacha, kwa kunihurumia. Albano alipozaliwa ikawa Mama Albano, na hapa ofisini wamenikuta nayo hiyo hiyo. Kwa hiyo nikifungua ile mashine asubuhi nikaandika jina lake, nimemwita. Hamna pengine ninapomwita."

Nusaiba akasogeza stuli yake karibu naye.

"Pole, mwaya. Umeshanipa ufunguo, kwa hiyo leo hii utaubadilisha," akasema. "Sasa sikiliza. Mtu akikosea neno la siri, kompyuta kuu inaandika kwamba kakosea. Nimepitia Jumamosi yote. Hakuna kosa hata moja. Aliyeingia hakubahatisha, hata Albano hakumjaribu. Hapa ofisini nani anajua habari za Anastasia?"

"Hakuna."

Jibu lilitoka upesi mno. Maswali mengine yote Jesca aliyafikiria kwanza.

"Nani alikuleta kazini hapa?"

"Niliona tangazo tu." Akarudi kwenye pindo la kitenge.

Nusaiba akaliacha hapo. Mtu anayemficha mwenziwe kwa woga hukutazama usoni aone kama umemwamini. Anayemficha kwa shukrani hutazama chini. Jesca alitazama chini.

* * *

Jumamosi ile, mbali na mlinzi wa getini, waliokuwa ofisini ni wawili: mhariri, Mzee Mwinshehe, na meneja wa matangazo, Nurdin.

Mzee Mwinshehe alikutwa mezani kwake na jasho la mtu aliyepanda mlima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mie sijui kitu."

"Sijauliza bado."

"Basi uliza."

"Jumamosi ulitoka hapa na disketi. Mlinzi wa getini kaiona kwenye mfuko wa shati."

Mzee akafunga droo kwa goti, akidhani haonekani. Nusaiba akanyoosha mkono na kusubiri. Droo ikafunguka na disketi ikatoka, pamoja na bunda la karatasi ngumu zenye maua ya dhahabu pembeni. Zilikuwa kadi za harusi.

"Ya mpwa wangu," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nimezichapa kwa printa ya ofisi na wino wa ofisi. Kamugisha akijua, pensheni yangu kwaheri."

Nusaiba akaitia disketi kwenye mashine mbele yake. Zilikuwamo kadi tu, tena jina la bwana harusi limekosewa. Akamwonyesha kosa, akamrudishia.

"Hutaki Jesca aondoke?" akauliza.

"Yule binti ndiye gazeti hili. Sie wengine tunapiga kelele tu."

"Mbona hukusema mbele ya bosi?"

Mzee akaanza kuzipanga kadi upya.

Nurdin alikuwa mtu wa aina nyingine. Shati limepigwa pasi mpaka linakata, tai, manukato yanayotangulia mlangoni. Ukutani kwake alikuwa amebandika matangazo aliyoleta, na lililo kubwa kuliko yote, la ukurasa mzima, lilikuwa la kampuni ileile ya dawa. Kulibandua asingeweza bila watu kuuliza, kwa hiyo aliliacha na kulipa mgongo.

"Sista, karibu. Ishu hii imeniuma sana," alisema. "Jesca mwenyewe namfahamu kwa salamu tu. Mama Albano mambo, Mama Albano poa. Kwake sikujui, kwangu hakujui."

"Jumamosi ulikuja kufanya nini?"

"Kupanga matangazo. Niliingia kule kwenye kurasa, nikatoka. Mzee Mwinshehe naye aliingia. Si umekuta ana disketi?"

"Umejuaje nimemkuta nayo?"

"Kuta za hapa za mbao laini, sista." Akacheka, meno yote nje. "Mie naona usijisumbue. Kampuni ile kubwa, watu wadogo wana njaa. Wamempa kitu kidogo, kauza. Ndo maisha ya sasa, soko huria."

Nusaiba akashukuru na kutoka. Mwongo alikuwa amemwona, kwa sababu alikuwa amemsikia kuwa ni mtu wa Masasi, mwenzake Jesca: Nurdin alipojisahau, matamshi yake ya "za" na "kauza" yalikuwa ya kulekule kusini. Lakini kutoka wilaya moja si kosa, na kunuka manukato si ushahidi. Kumbukumbu za kompyuta zilikuwa zimefika mwisho wake. Kuanzia hapo ingebidi mhalifu ajitaje mwenyewe.

* * *

Akawakusanya wote kwenye chumba cha habari. Kamugisha alisimama mlangoni amekunja ndita. Jesca alikaa pembeni, mbali na mashine yake, kama walivyomwamuru.

"Nataka kila mtu akae kwenye kompyuta yake," Nusaiba alisema. "Nitajaribu kuingia kwa jina lako. Nikifanikiwa, sisomi kitu, wewe ndiye utakayetazama skrini na mie nitatazama kwingine. Asiyetaka aseme."

Hakuna aliyekataa. Kukataa kungeonekana vibaya, na isitoshe kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ya kwake haitafunguka.

Akaanza na Mzee Mwinshehe. Watu wote pale walimwita Baba Naima. Nusaiba akaandika "Naima" tu, mashine ikafunguka, na mzee akasema, "La haula!" Akaenda kwa mpiga picha, Baba Hija. Ikafunguka. Watu wakaanza kucheka, kila mmoja akimcheka mwenziwe mpaka zamu yake ifike. Ya Nurdin ilifunguliwa kwa jina la mwanawe pia, naye akacheka kwa sauti kuliko wote. Kamugisha, aliyekuwa amejivunia kwamba yeye si mjinga kama wafanyakazi wake, alifunguliwa kwa jina la Jovina, bintiye aliyemtaja kwenye kila hotuba.

"Mnaona," Nusaiba alisema akijifuta mikono. "Kila asubuhi mnasalimiana kwa maneno yenu ya siri. Mnayatangaza kutoka getini mpaka jikoni kwa mama lishe. Hii si milango, ni mapazia."

Jesca alikuwa akimtazama kwa mshangao, maana kompyuta yake haikuguswa. Nusaiba akajitia hamnazo, akaanza kufunga begi lake.

"Basi ripoti yangu ndiyo hiyo. Neno la siri la Jesca halimthibitishi Jesca. Kila anayemwita Mama Albano angeweza kuingia. Polisi wakija nitawaambia wamwachie, hapa hakuna kesi juu yake."

Pumzi za nafuu zikasikika, kwanza ya Mzee Mwinshehe. Kamugisha akafungua mdomo, lakini aliyemtangulia ni Nurdin.

"Ngoja kwanza, sista. Haiendi hivyo. Umetujaribu wote, ya kwake umeiruka! Mbona huijaribu? Andika Albano uone kama itafunguka."

"Itafunguka tu, kama zenu."

"Haifunguki!" Nurdin alisimama. "Nakwambia haifunguki. Kwa hiyo hakuna wa kuingia mle ila yeye mwenyewe."

Nusaiba akaliweka begi chini. Akaenda kwenye mashine ya Jesca, akaandika jina la Albano. Skrini ikakataa.

"Kweli, haifunguki," akasema. "Umejuaje?"

"Si... mtu huweka mtoto wa kwanza. Kila mtu anajua."

"Sawa. Na Albano ni wa ngapi?"

Nurdin akageuka kutazama wenzake. Walikuwa wakimtazama bila kuelewa, na huko kutoelewa kwao ndiko kulikommaliza. Mpiga picha alisema kwa nia njema kabisa, "Albano si ndiye wa kwanza? Si ndiyo maana tunamwita Mama Albano?"

"Ofisi nzima inajua Albano ni wa kwanza," Nusaiba alisema. "Ungekuwa unamjua kwa salamu tu, kama ulivyoniambia, na wewe ungejua hivyo hivyo. Nani alikwambia yupo mwingine aliyemtangulia?"

Jibu halikutoka kwa Nurdin. Jesca alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika ukuta.

"Alikuwapo," alisema. "Tulipanga nyumba moja Tandika, korido moja. Mume wangu alikuwa safarini. Braza Nurdin ndiye aliyembeba mwanangu mpaka makaburini, na kajeneza kenyewe alikagharamia yeye. Baadaye ndiye aliyeniombea kazi hapa, akaniambia nisiseme, bosi hapendi watu waletane." Akavuta pumzi. "Ulimbeba mikononi, braza. Ukamtumia?"

Nurdin alilegeza tai yake, kisha kola. "Nilikuona unaandika herufi mbili za mwanzo tu. Nikajua," alisema. Sauti ya soko huria ilikuwa imemtoka. "Waliniambia wanataka kuisoma tu, wajiandae kujibu. Matangazo yale ndiyo yanayotulisha wote humu. Sikujua watamfunga yule bwana."

"Ulijua watanifunga mie," Jesca alisema. "Umekuwa ukitazama tu tangu asubuhi."

* * *

Kamugisha aliwavuta Nusaiba na Mzee Mwinshehe ofisini kwake, akafunga mlango. Sasa hakutazama dirishani.

"Vizuri. Kazi nzuri. Nurdin ataacha kazi kimya kimya. Jesca naye apumzike kidogo mpaka maneno yapoe, si unajua, kaficha mambo. Na ile habari ya dawa tuiweke kando. Kampuni ile nikiikosa, gazeti linakufa." Akausogeza mkataba wa Arusha na Mwanza mezani, taratibu. "Ripoti yako iseme tu mitambo ilikuwa na hitilafu."

"Mitambo haina hitilafu. Niliifunga mie."

"Dada, unachezea riziki yako."

"Riziki yangu niliichezea benki nikiwa na mshahara, sembuse leo." Nusaiba akauchukua mkataba. Hakuuchana, kwa sababu kuchana karatasi ni kujionyesha. Aliugeuza ukawa uso chini, akamrudishia. "Mtu kaiba neno la siri la mama mmoja aliyefiwa, akamtia baba wa watu Ukonga, akataka kumpeleka na huyo mama. Halafu mie niseme waya ulilegea? Polisi umewaita mwenyewe, bwana Kamugisha. Wakifika watanikuta nimekaa hapo mapokezi na kila kitu nimekiandika kwa mkono wangu."

"Nitahakikisha hupati kazi ofisi yoyote mji huu."

"Nitafuga kuku."

Mzee Mwinshehe, ambaye kwa muda wote alikuwa kama hayupo, akakohoa.

"Mie nimechapa kadi za harusi kwa wino wako, bwana Kamugisha," alisema. "Zote. Nakwambia mwenyewe ili usije ukanitishia nazo. Na ukurasa wa kwanza ninaushikilia wazi kwa ajili ya Kasiani. Ukitaka kuufunga, njoo uufunge mwenyewe, upange na herufi."

Akatoka, akauacha mlango wazi.

Kwenye chumba cha habari Nurdin alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, na bila kuambiwa na mtu, mpiga picha alikuwa amesimama mlangoni kumzibia njia. Chini barabarani gari la polisi lilikuwa likitafuta pa kuegesha.

Nusaiba akamwendea Jesca.

"Kabla hawajapanda. Badilisha neno lako, halafu uifungue ile habari. Mzee anaisubiri."

Jesca akakaa. Vidole vyake vikasimama juu ya kibodi. Nusaiba akageuka akautazama ukuta, akakaa hivyo hivyo, macho kwenye kalenda iliyopitwa na mwaka.

"Tazama tu, dada. Wewe sikufichi."

"Sitazami. Andika."

Ikasikika sauti ya vidole, neno refu, mara moja, halafu tena kulithibitisha. Kisha ikasikika kwikwi, na Nusaiba akajua kwamba Jesca analia, akaendelea kuutazama ukuta.

"Sasa sitamwita tena asubuhi," Jesca alisema.

Buti za polisi zilisikika kwenye ngazi. Nyuma ya Nusaiba kiti kikasukumwa, na alipogeuka Jesca alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho mekundu, kidevu juu.

"Jamani," aliwaambia wote, na sauti yake ilifika mpaka kwenye mlango wa Kamugisha, "mwanangu wa kwanza anaitwa Anastasia. Si siri tena. Kuanzia leo anayenisalimia aniite kwa jina lake."

Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza. Mlango wa nje ukagongwa, na afisa mmoja akaingia, kofia kwapani, akauliza ni nani kati yao Jesca Milanzi.

"Huyu hapa," Mzee Mwinshehe alijibu kabla ya mtu mwingine yeyote. "Lakini mtasubiri. Mama Anastasia yuko kazini."

Jesca akakaa, akaanza kupiga chapa.